Laguna Seca, pesa na kelele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Laguna Seca ni nini, na iko wapi?

Ni sakiti ya mbio za magari na pikipiki katika Kaunti ya Monterey, California, kando ya barabara kuu namba 68 iendayo Salinas kutoka Monterey. Jina ni la Kihispania, maana yake ziwa lililokauka, na kweli njia ya mbio ililazwa kuzunguka bonde la ziwa la namna hiyo. Ina urefu wa kilomita 3.602 na kona 11. Kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa kuna tofauti ya mita 55 hivi. Magari huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Jina rasmi hufuata mfuko wa mdhamini: tangu 2001 ilikuwa Mazda Raceway, na tangu 2018 ni WeatherTech Raceway. Watu wanaendelea kuiita Laguna Seca tu.

Kwa nini inaitwa ya kihistoria?

Kati ya 1950 na 1956 mbio za Monterey zilifanyika Pebble Beach, kwenye barabara nyembamba zinazopita katikati ya misonobari. Mwaka 1956 dereva Ernie McAfee aligonga mti akafa, na mbio za pale zikaishia hapo. Wapenzi wa mbio wa Monterey walianzisha chama kilichojulikana kwa kifupi kama SCRAMP, wakakodi ardhi ya jeshi katika kambi ya Fort Ord, wakamwaga lami. Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 9 Novemba 1957, mshindi akiwa Pete Lovely ndani ya Ferrari.

Mwaka 1974 ardhi ikaingia mikononi mwa kaunti. Mwaka 1988, ili kupokea mbio za dunia za pikipiki, njia ikaongezwa vipande vya ndani na kukaribia urefu wa leo.

Umaarufu wake uko hasa kwenye kona ya 8 na 8A, iitwayo Corkscrew, yaani kizibuo. Dereva anapanda kilima bila kuona mbele, anakata kushoto, na papo hapo ardhi inamporomoka chini kuelekea kulia. Kutoka mlangoni hadi mwisho wa 8A ni mita 137 tu, na ndani ya hizo gari linashuka mita 18, sawa na nyumba ya ghorofa sita. Hapo ndipo dereva Alex Zanardi alipompita Bryan Herta katika mzunguko wa mwisho mwaka 1996, na mwendesha pikipiki Valentino Rossi akampita Casey Stoner mwaka 2008. Wapitaji wote wawili walitoka nje ya lami kidogo, na ubishi kuhusu halali na haramu haujaisha.

Mwenye uwanja ni nani, na anayeuendesha ni nani?

Mwenye mali ni Kaunti ya Monterey, na baraza lake la wasimamizi ndilo linaloamua. Mwendeshaji ni mwingine. Chama cha SCRAMP kiliendesha uwanja tangu 1957 hadi mwisho wa 2019, pale kaunti ilipoupa kazi kampuni ya usimamizi ya A&D Narigi. Baadaye baraza likakubali mkataba wa miaka 55 na Friends of Laguna Seca, shirika lisilo la faida.

Usiipite miaka hiyo 55 harakaharaka. Mwendeshaji mwenye mkataba wa miaka mitatu hawezi kuchangisha pesa za kujenga jengo la miaka 40. Akitengeneza choo, anamtengenezea atakayekuja baada yake.

Kama ni maarufu hivyo, kwa nini pesa haitoshi?

Kwa sababu umaarufu uko kwenye wikiendi chache, na gharama ziko siku zote 365.

Anza na mapato. Yako mafungu matano hivi: tiketi za mbio kubwa, udhamini pamoja na haki ya jina, kambi ya mahema na magari ya kulala katika bustani ya kaunti inayozunguka uwanja, maduka na chakula, na kukodisha lami kwa siku. Hilo la mwisho ndilo mtu wa nje halioni. Klabu za madereva, shule za udereva, kampuni za magari zinazojaribu modeli mpya, wapiga picha za matangazo: hawa wanalipa siku za kawaida, Jumatatu hadi Ijumaa, na hawahitaji polisi wa barabarani wala majukwaa.

Sasa gharama. Mbio kubwa zina ada ya kulipwa kwa chama chenye mashindano, bima, ambulensi na madaktari, wazima moto, waamuzi wa kila kona, vyoo vya kukodi, usafi, na mabasi ya kuleta watu kutoka maegesho ya mbali kwa kuwa barabara 68 ni nyembamba. Nyingi kati ya hizo huwezi kuzipunguza kwa sababu tiketi hazikuuzika. Ukungu ukishuka helikopta ya uokoaji ikashindwa kuruka, mbio zinasimama, na wote hao bado wanadai ujira wao.

Halafu kuna mali yenyewe. Lami ya sakiti haichakai kama ya mtaani. Matairi laini huing'oa kokoto za juu, jua linaikausha, maji yanaingia kwenye nyufa, na baada ya miaka kadhaa inakuwa kama msasa: inakula matairi bila kushika. Mwaka 2023 kaunti iliweka lami mpya njia nzima na kujenga daraja jipya la kuvukia juu ya mstari wa kuanzia. Kazi yote ilikadiriwa takriban dola milioni 15. Zitoe hizo kwenye faida ya kukodisha lami kwa siku moja moja, uone zitachukua muda gani.

Hapo ndipo kelele inapoingia kwenye hesabu. Mbio zinazoleta umati ni zenye injini zinazounguruma, na siku za kuunguruma zimewekewa idadi. Mwendeshaji hawezi kusema mwaka huu nina upungufu, ngoja niongeze wikiendi mbili. Desibeli (dB), kipimo cha ukubwa wa sauti, ni sarafu ya uwanja huu, tena ya mgao. Anayejadili deni la Laguna Seca bila kutaja kibali cha kelele anasoma nusu ya daftari.

MotoGP iliondoka kwa ajili ya kelele?

Hapana. Mbio hizi za dunia za pikipiki zilirudi 2005, zikaondoka baada ya 2013. Austin, Texas, ilikuwa na sakiti mpya, pana, yenye vyumba vya timu vya kisasa. Laguna Seca ina padoki ndogo (eneo la timu na mafundi) na kingo zilizo karibu na lami, na kwa miaka ile daraja la juu tu ndilo lililokuja. Madaraja madogo hayakusafiri. Mashindano ya dunia ya Superbike nayo yaliondoka baada ya 2019. Kilichobaki na nguvu ni IMSA (mbio ndefu za magari), IndyCar (magari ya kiti kimoja) iliyorudi 2019, MotoAmerica (pikipiki), na kile kivutio cha Agosti cha magari ya zamani, Rolex Monterey Motorsports Reunion, kilichotokana na mbio za kihistoria zilizoanza 1974.

Majirani wanalalamikia nini hasa?

Vitu viwili: kelele na foleni. Desemba 2023 kundi la wakazi liitwalo Highway 68 Coalition lilifungua kesi dhidi ya kaunti na mwendeshaji. Dai lao la msingi si kwamba mbio ni haramu. Ni kwamba matumizi yamepanuka kupita yale yaliyoruhusiwa zamani: siku zimeongezeka, na kukodisha lami kumejaza zile siku za katikati ya wiki ambazo awali zilikuwa kimya.

Ukisikiliza vizuri, mtu anaweza kuvumilia wikiendi nne za ngurumo akijua tarehe zake. Kinachomchosha ni mlio wa gari moja lisilokatika, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumanne. Na siku hiyo ya Jumanne ndiyo inayolipa mishahara ya uwanja.

Si walihamia huku wakijua uwanja upo?

Wengi ndiyo. Uwanja ni wa 1957, na nyumba nyingi za mabonde ya jirani zilijengwa miongo kadhaa baadaye. Kwa maneno ya barazani hoja hii inatosha. Mahakamani ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani.

Mfano unaofundisha ni wa Uingereza. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya uwanja wa mbio wa Mildenhall, Suffolk, ambako wanunuzi wa nyumba iliyo mita mia tano na kitu kutoka uwanjani walishtaki baada ya kuhamia. Mahakama ilisema kuhamia karibu na kero si utetezi. Lakini ilisema pia kwamba jaji asikimbilie kupiga marufuku. Anaweza kuamuru fidia ya pesa, na akatazama maslahi ya umma na kibali cha mipango miji.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliiwekea sakiti ya Croft kikomo cha siku 40 za kelele kubwa kwa mwaka. Haikuifunga. Ilihesabu siku.

Sheria ya California si ya Uingereza, ila mwelekeo wa vita ni uleule: kinachogombewa ni idadi ya siku na ukubwa wa kelele kwa kila siku. Kwa hiyo kumbukumbu za zamani ni dhahabu. Mwenye kalenda za uwanja za miaka 30 anaweza kuonyesha kama matumizi yamepanuka au la. Mwenye hasira tupu hawezi.

Vikomo vya desibeli vinafanyaje kazi?

Kila siku ya kalenda ina daraja lake. Siku nyingi za kukodi zina kikomo cha dB 90 au 92. Siku chache zina 103 au 105. Siku zisizo na kikomo ni chache sana, na hizo ndizo hutengwa kwa mbio kubwa.

Tofauti kati ya 90 na 103 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Si ndogo. Kipimo cha desibeli hupanda kwa kuzidisha: kila dB 3 zinazoongezeka, nishati ya sauti inakuwa maradufu, kila dB 10, inakuwa mara kumi, na sikio linahisi sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi. Kwa hesabu hiyo, magari 20 ya dB 90 yakinguruma pamoja mahali pamoja ndiyo yanalingana na gari moja la dB 103. Ndiyo maana waandaaji hawabembelezeki kwa gari moja tu lililopita kiasi.

Sauti inapimwa wapi, na kwa namna gani?

Gari linapimwa likiwa kwenye mwendo, si likiwa limesimama. Kipima sauti kiko kwenye kibanda kati ya kona ya 5 na ya 6, futi 50, yaani mita 15 hivi, kutoka ukingo wa lami. Mahali hapo pamechaguliwa kwa makusudi: gari linatoka kona ya 5 likipanda kilima, dereva amekanyaga mafuta hadi sakafuni, injini iko kwenye mzigo. Mtu anaandika namba ya gari na usomaji wake kila linapopita.

Utaratibu wa siku za kukodi kwa kawaida ni huu: ukizidi, unaonyeshwa bendera nyeusi, unaingia piti (njia ya pembeni ya mafundi), unaambiwa usomaji wako, unarekebisha. Ukizidi tena na tena, siku yako imekwisha na ada hairudi. Masharti kamili yamo kwenye fomu ya mwandaaji wako. Yasome kabla hujapakia gari kwenye trela.

Nitajuaje nyumbani kama gari langu litapita?

Jaribio la ekzosi gari likiwa limesimama halitakusaidia sana, kwa sababu linapimwa nusu mita kutoka kwenye bomba, na injini haina mzigo. Fanya hivi:

1. Tafuta kipima sauti halisi chenye mizani ya A, yaani inayopima sauti kama sikio la mtu linavyoisikia. Programu ya simu inaweza kukosea kwa dB 5 au zaidi, na maikrofoni nyingi za simu hujibana zenyewe sauti ikiwa kubwa.
2. Kihakikishe kwa kifaa chake cha kusawazisha, kinachotoa mlio wa dB 94. Ukiazima kipima, azima na hicho.
3. Chagua eneo wazi linaloruhusiwa, bila ukuta upande wa pili. Ukuta hurudisha sauti ukapata usomaji wa uongo.
4. Weka kipima mita 15 kutoka njia ya gari, kimo cha mita 1.2 hivi, na kofia yake ya sponji ya kuzuia upepo.
5. Mtu apite akiwa gia ya pili au ya tatu, mafuta yote, mara tatu kila upande. Chukua usomaji wa juu, si wastani.

Ukipata 87, nenda kwa amani ukilenga siku ya 90. Ukipata 89 usijidanganye. Asubuhi ya baridi na hewa nzito injini inavuta vizuri zaidi, na kile kilima cha kona ya 5 hakipo kwenye uwanja wako wa majaribio.

Nimezidi kwa dB 3. Nifanye nini padokini, bila karakana?

Anza na kuvuja. Hiki ndicho kisa cha wengi waliokwama, na ni cha bure kutibu. Washa injini ikiwa baridi, pitisha mkono karibu na maungio (usiguse), ukisikia pumzi hapo gasketi imeungua au bolti imelegea. Mlio wa tik-tik unaofuata mapigo ya injini ni dalili hiyohiyo. Kaza kwa zamu, bolti moja kidogo kisha ya pili, au badilisha gasketi. Beba gasketi mbili na klampu mbili za ziada. Ni vitu vya bei ndogo.

Pili, geuza mdomo wa ekzosi. Kipande cha bomba kilichopinda nyuzi 90, kikafungwa kwa klampu kikaelekea chini au upande usio na kipima, kinaweza kukupunguzia dB 2 hadi 4 kwenye usomaji. Uliza kibanda kiko upande gani kabla hujakifunga. Usikiache kielekee tairi wala tangi, na usitegemee klampu moja: bomba likidondoka mbele ya pikipiki umeua mtu. Toboa, pitisha bolti.

Tatu, sailensa yenyewe. Zile za mbio zimejazwa sufi ya kioo kuzunguka bomba lenye matundu. Sufi huungua na kutoka moshini kidogo kidogo, na gari lililopita mwaka jana kwa 89 linasoma 93 mwaka huu bila mtu kugusa kitu. Gonga ganda kwa kifundo cha kidole: likilia kama debe tupu, sufi imekwisha. Kujaza upya ni kazi ya nyumbani: toa riveti za kifuniko, safisha masizi, zungushia sufi ya chuma karibu na bomba ili ipokee joto, kisha sufi ya kioo juu yake, iliyoshikana bila kushindiliwa. Ukishindilia mno, sauti haipenyi ndani yake, umejaza bure.

Nne, kwa gari lenye nguvu nyingi sailensa moja haitoshi. Weka ya pili kwa mfuatano, na kama katalitiki (kisafisha moshi) iliondolewa irudishe. Nayo inameza dB chache.

Tano, mguu. Wengi huachia mafuta kidogo mbele ya kibanda, au hupanda gia mapema ili injini izunguke polepole. Inafanya kazi. Inakugharimu sehemu ya sekunde kupanda kona ya 6, na siku ya mazoezi hiyo si kitu. Ila kumbuka wapimaji si watoto: kuna waandaaji wanaochukulia mchezo huo kama udanganyifu, na majirani wa upande mwingine wa kilima hawafaidiki nao hata kidogo.

Ukishafanya yote na bado unasoma 91, angalia mlango wa hewa. Injini zenye mabomba ya hewa yaliyo wazi hulia mbele kama zinavyolia nyuma, na watu hubadilisha ekzosi tatu kabla ya kufikiria kurudisha boksi la chujio.

Na pikipiki?

Kanuni ni ileile. Rudisha kile kizibo cha ndani ya mdomo wa sailensa kilichotolewa siku ya kwanza baada ya kununua, na ukifunge kwa waya wa usalama kwa sababu skrubu yake hulegea. Angalia springi zinazoshika bomba. Ikikatika moja, ungio linapumua.

Naishi jirani: kwa nini siku nyingine nasikia kila gia, na siku nyingine hakuna kitu, magari yakiwa yaleyale?

Kwa hesabu ya mahali pa wazi, sauti hupungua dB 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Gari la dB 90 mita 15 linakuwa 84 mita 30, 72 mita 120, 60 karibu nusu kilomita, na 54 karibu kilomita nzima. Kilima na udongo hupunguza zaidi. Hiyo ni siku ya kawaida.

Lakini Monterey ni mji wa ukungu. Hewa baridi ya Pasifiki huingia bondeni ikalala chini, na hewa ya joto ikakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Sauti ikipanda inapindwa kurudi chini, inaruka vilima, inatua kwenye nyumba ambayo kwa ramani haipaswi kusikia chochote. Upepo unaotoka uwanjani kuja kwako hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo jirani anayesema leo ni kubwa mara mbili na mpimaji anayesema hakuna aliyezidi 90 wanaweza wote kuwa wakweli. Mikutano mingi imeharibika kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake anadanganya.

Kwa nini wasijenge ukuta au kupanda miti?

Miti inaficha gari, haifichi sauti. Unahitaji msitu mnene wa makumi ya mita ili upate desibeli chache.

Tuta la udongo au ukuta hufanya kazi pale unapokata mstari kati ya bomba la gari na dirisha la jirani: ukiukata kidogo tu unapata dB 5 hivi, na ukuta mrefu ulio karibu na chanzo unaweza kufika 10 au zaidi kidogo. Shida ya Laguna Seca ni kilima. Sehemu ya chini imekaa kama ndani ya bakuli, vilima vyenyewe ni ukuta. Kelele inayosafiri inatoka juu, kati ya kona ya 6 na kizibuo, ambako gari liko kwenye ukingo wa bakuli. Kuweka ukuta mrefu pale ni kuziba mandhari ambayo watu hulipa kuja kuitazama, kwenye mteremko, kwa pesa ambayo haipo.

Magari ya umeme hayatamaliza tatizo?

Yatasaidia siku za kukodi. Pikipiki za umeme zilishindana hapa tangu 2010, zikisikika zaidi kwa mnyororo na tairi kuliko mota. Lakini ratiba ya Agosti imejengwa juu ya injini za zamani, na hakuna anayenunua tiketi kwenda kutazama gari la Can-Am, mashindano ya zamani ya Marekani na Kanada, likipita kimya.

Njia ya haraka zaidi ya kupata pesa bila desibeli ni matukio yasiyo na injini. Tamasha la baiskeli la Sea Otter Classic limefanyika hapa kwa miaka mingi, likijaza kambi. Foleni ya barabara 68 haikupungua lakini.

Mimi ni jirani. Nilalamike vipi ili nisikilizwe?

Andika tarehe, saa ya kuanza na kuisha, mahali uliposimama, upepo unatoka wapi, na aina ya sauti: mlio mmoja mkali, ngurumo ya wengi, kipaza sauti, au honi. Kisha linganisha na kalenda ya uwanja: siku hiyo ilikuwa ya 90 au ya 105? Lalamiko la siku ya 105 ni maoni. Lalamiko la siku ya 90 iliyosikika kama 105 ni ushahidi, kwa sababu kibanda kina rekodi ya kila gari na kaunti inaweza kuidai. Peleka kwa mwendeshaji na nakala kwa ofisi ya msimamizi wako wa kaunti. Barua 12 zenye tarehe zinashinda saini 300 zisizo na tarehe.

Vipaza sauti, kwa njia, ni kero inayotatulika kwa siku moja: vinageuzwa, vinapunguzwa. Vitaje kando, usivichanganye na injini.

Nataka kununua nyumba karibu. Nifanye nini kwanza?

California humtaka muuzaji ajaze fomu ya kufichua kasoro za nyumba, na mojawapo ya maswali yake ni kuhusu kelele na kero za mtaa. Isome. Kisha usiende kuiona Jumapili ya ukimya. Nenda siku ya kukodi ya dB 90, asubuhi yenye ukungu, ukae saa mbili bustanini. Rudi tena wikiendi ya mbio kubwa, ujaribu kutoka na gari kwenda dukani.

Kuna sakiti nyingine iliyopitia haya ikapona?

Zandvoort, Uholanzi, iliyoanza 1948 katikati ya matuta ya mchanga. Ilipoteza Grand Prix ya Formula 1 baada ya 1985 pesa zilipokauka na mji ukachoshwa na kelele. Sehemu ya ardhi ikauzwa kujengwa nyumba za likizo, njia ikafupishwa na kusogezwa mbali na makazi. Ikarefushwa tena miaka ya 1990, na Formula 1 ikarudi 2021. Ilichukua miaka 36, na ilipona kwa kukubali kwanza kuwa ndogo.

Nikienda kutazama, nibebe nini?

Vizibo vya masikio, hasa kwa watoto. Kwa mapendekezo ya NIOSH, taasisi ya afya ya kazini ya Marekani, dB 85 ni za saa 8, na kila dB 3 zinazoongezeka hukata muda nusu: dB 100 ni dakika 15. Ukisimama uzioni siku ya 105 umeshazidi kabla chai haijapoa. Beba koti pia, maana Agosti ya Monterey asubuhi ni baridi, na viatu vya kupandia: kutoka padoki hadi kizibuo ni mwendo wa mlima, na basi la bure lina foleni yake.